Yah: Wanamazingaombwe Wezi na Kitambaa Changu cha Meza

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Bodi ya Ukaguzi wa Filamu.

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini wewe na wajumbe wako hamjambo, na kwamba macho yenu hayajachoka kwa kazi ya kututazamia yale ambayo sisi wengine hatupaswi kuyatazama. Mimi sijambo, ila magoti tu. Najua magoti ya watu hayamo katika majukumu ya Bodi, lakini ukinivumilia kidogo utaona kwamba Bodi haiwezi kunawa mikono.

Mimi ni matroni mstaafu wa bweni la wasichana. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimelala karibu na mlango, jicho moja likiwa limefumba na jingine likiwa zamu, funguo zikiwa kiunoni. Siku nilipostaafu nilizirudisha zote, hakuna hata mmoja uliopungua. Nayasema haya si kwa kujisifu, bali ili ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kubabaishwa na mlango uliofunguka wenyewe.

Siku hizi naishi na mwanangu, fundi umeme, na mke wake, ambaye ni muuguzi. Mmoja akiingia kutoka kazini mwingine anatoka, wanapishana mlangoni kama walinzi wa zamu. Kwa hiyo wajukuu wangu wawili wako mikononi mwangu, na hasa macho yao. Mkubwa ni msichana wa miaka kumi na sita. Tunamwita Wakili, kwa sababu tangu aanze kuongea hajawahi kupokea hukumu bila kukata rufaa. Mdogo wake ana miaka kumi na minne, naye tunamwita Sauti, maana ndiyo inamsumbua: anaanza kukuamkia kwa sauti ya mzee wa kanisa na kumaliza kwa sauti ya kifaranga.

Nyumba yetu ina kanuni. Hakuna filamu inayotazamwa sebuleni bila mimi kuwapo. Penye neno baya nakohoa. Penye damu nawakumbusha kwamba ile ni rangi na yule aliyekufa yuko nyumbani kwake anakunywa chai. Na penye mabusu, nguo zilizopungua, au mlango wa chumba unaofungwa polepole, nainuka kwenye kiti changu, nachukua kitambaa cha meza, kile cheupe chenye maua ya kudarizi pembeni, nakitandaza kwa mikono miwili mbele ya televisheni mpaka mambo yapite. Hapo watoto hupiga kelele, "Bibi, toa kitambaa!" Nami hujibu, "Bado!" Wao, "Toa!" Mimi, "Bado!" Ndivyo tulivyoishi tangu Sauti akiwa hajaota meno ya utu uzima. Wahenga walisema macho hayana pazia. Niliona wahenga walikata tamaa mapema, nikajitolea kuwa pazia mimi mwenyewe.

Huenda utauliza kwa nini nisishike rimoti nikasogeza mbele. Nilijaribu mara moja. Nilikimbia busu nikaangukia fungate.

Jambo moja ulielewe vizuri, kwa sababu malalamiko yangu yote yamesimama hapo. Ninaposhika kitambaa sitazami filamu. Naipa mgongo, nawageukia wao. Mlinzi hatazami hazina, anatazama wezi.

Sasa nije kwenye shauri lenyewe. Chama cha filamu cha shule yao kitaonyesha filamu Jumamosi hii, ile ya wanamazingaombwe walioiba taji, na baada ya filamu kutakuwa na mjadala. Wakili amechaguliwa kuufungua. Mwalimu wa chama anataka kila kijana aje na ruhusa ya mlezi. Walipomwendea baba yao, akasema mwulizeni Bibi. Walipomwendea mama yao, akasema si mnajua wa kumwuliza. Mwanangu akaileta filamu nyumbani niikague. Juu ya jalada nikakuta mhuri wenu, mweusi, umekaa sawasawa, unasema inafaa kwa wenye umri wa miaka kumi na mitatu na kuendelea.

Nimeikagua. Nina malalamiko yafuatayo.

1. Filamu haieleweki. Wanamazingaombwe watano wamenyang'anywa ukumbi wao na tajiri mmoja mwenye masharubu marefu kuliko huruma yake. Tajiri ana taji la dhahabu. Amelifungia ndani ya sanduku la chuma, sanduku ameliweka jukwaani mbele ya ukumbi uliojaa watu, na juu ya sanduku ameketi yeye mwenyewe, anawaambia wezi waje wakitaka. Pembeni amesimama mlinzi wake mwenye kofia kubwa na funguo. Mpaka hapo hakuna kijana atakayepotea, wala mimi. Kisha anaingia mwanamazingaombwe wa kike, gauni lake limemaliziwa mbele tu, mgongoni fundi alisahau, naye anamsogelea yule mlinzi kwa mwendo ambao bwenini tulikuwa tunaujua. Nikainuka. Nikatandaza kitambaa. "Toa!" "Bado!" Nilipokishusha, sanduku lilikuwa wazi, taji hakuna, na ndani yumo bata mzinga.

Mheshimiwa, bata mzinga ameingiaje?

Nilirudisha nyuma tukatazama tena. Nikafika pale pale, gauni lile lile, nami siwezi kuacha kazi kwa sababu ya udadisi wangu. Nikainuka, nikatandaza, nikashusha. Bata mzinga yule yule. Mara ya tatu nilijaribu kushika kitambaa huku nageuza shingo nyuma, ikakwama kabla ya kufika kwenye televisheni, na imebaki hapo mpaka juzi. Filamu inakwisha taji likiwa katika ukumbi wa wanamazingaombwe, wanacheza muziki, tajiri analia kwenye masharubu yake, na hakuna hata mtu mmoja anayeeleza lilitokaje. Niliwauliza wajukuu. Wakasema, kwa adabu kubwa, kwamba nao hawakuona, kitambaa kilikuwa kimeziba.

2. Busu limewekwa mahali pabaya. Katika filamu za watu wenye haya, busu ni pambo. Ukiliondoa hakipungui kitu, msichana bado ataolewa na mbaya bado atafungwa. Hawa wamechukua busu wakaliweka penye bawaba ya hadithi nzima, hivi kwamba bibi anayefanya wajibu wake ndiye anayeadhibiwa. Nilipomlalamikia Wakili akaniambia kwamba hiyo ndiyo kazi ya mwanamazingaombwe, hafichi kitu, anakupa kitu kingine cha kutazama. Nikamwambia hata wauza viatu hufanya hivyo na hakuna anayewapigia makofi. Lakini nililala nalo neno lile. Na kwa kuwa nimelazimika kuinuka mara tatu kwa busu moja, ndiyo maana nikasema hapo juu kwamba kwenye magoti yangu Bodi haiwezi kunawa mikono.

3. Mlinzi amedhalilishwa. Hili naliandika kama mlinzi mwenzake. Mimi nimelinda wasichana waliojua kulaza mito chini ya blanketi ikapumua. Nimeletewa homa za uongo, barua za shangazi wasiokuwapo na kilio cha kweli kwa sababu za kubuni, na funguo hazikutoka kiunoni. Leo vijana wanafundishwa kwamba anayelinda mlango ni mtu wa kuchekwa. Baada ya kitambaa kushuka, maskini yule mlinzi anaonekana anapangusa jasho, anaweka kofia yake sawa, anatoka nje mbio kuita polisi, na ukumbi mzima unacheka. Sauti naye alicheka. Tena alianza kucheka kabla sijashusha kitambaa, nikadhani ni wazimu wa umri wake.

4. Lalamiko hili nimelifuta. Lilihusu muziki, na muziki wenyewe nimejikuta nauimba jikoni.

5. Filamu imeingia nyumbani na haijatoka. Miwani yangu ilipotea mezani nikiwa naitazama kwa macho yangu mwenyewe, ikatokea ndani ya kopo la sukari, na Sauti akainama kama mtu anayepokea maua. Vijiko vinatoka masikioni. Kijana huyo sasa anaosha vyombo bila kutumwa, anasema vinampa wepesi wa vidole. Wazazi wake wamefurahi. Mimi sijafurahi hata kidogo, kwa maana nimekaa na vijana muda mrefu, na kijana anayeosha vyombo bila kutumwa ana jambo.

Baba yao, fundi mwenye leseni, mtu mzima ambaye watu humkabidhi umeme wao, alijaribu kukichomoa kitambaa changu chini ya vikombe vya chai. Kitambaa kilitoka. Vikombe navyo vikatoka. Mke wake alicheka mpaka akakaa sakafuni, na kwa muda ambao wamekuwa wakipishana mlangoni sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo. Hilo silihesabu kama utetezi wa filamu. Nimelitaja tu ili kumbukumbu ziwe kamili. Kitambaa ilibidi kifuliwe upya.

6. Filamu imeniharibu mimi. Wezi walipokuwa wanajiandaa, yule mzee wao akiwa hajui kama vidole vyake bado vinaweza, nilijikuta nasema, "Ee Mwenyezi Mungu, wasikamatwe." Nililisema kwa sauti. Mimi! Nimewafundisha watoto hawa kwamba cha mtu ni sumu, na hapo hapo nimeketi katikati ya sebule nawaombea wezi dua. Wakili akanigeukia akaniuliza kama taji la mtu aliyenyang'anya ukumbi ni cha mtu au si cha mtu. Nilikuwa na jibu. Naapa nilikuwa nalo, nimekuwa nalo tangu ujana. Nilipolitafuta, filamu ilikuwa imeshaliiba.

7. Lalamiko hili la mwisho si la filamu peke yake, na sijui kama Bodi ina idara yake, lakini sina pengine pa kulipeleka.

Nimekueleza kwamba nikishika kitambaa nawatazama wao. Basi, Mheshimiwa, wenzangu wameona filamu nyingi, mimi nimeona nyuso mbili. Nilimwona Sauti akiwa na pengo mbele, akinyoosha shingo kuchungulia mpaka anaanguka kwenye sofa. Nilimwona Wakili alipoanza kutafuna kucha, na nilimwona alipoacha. Nilijua wamekuwa warefu kwa sababu kila mwaka ilinibidi kukiinua kitambaa juu zaidi. Hakuna mtu katika nyumba hii anayezijua nyuso zile nilivyozijua mimi penye mabusu ya watu wengine.

Safari hii, nilipotandaza, walipiga kelele kama kawaida, "Toa!", lakini taratibu, kama watu wanaoimba wimbo wa shule wakiwa wamekwisha maliza shule. Hakuna aliyenyoosha shingo. Wakili alikuwa anaitazama mikono yangu, ambayo siku hizi inatetemeka kidogo ikikaa juu. Akaniuliza, kwa upole, "Bibi, haijachoka?"

Nilisema haijachoka. Iliniuma sana. Kijana akianza kuihurumia mikono ya mlinzi, ujue haogopi tena mlango. Na kama hawana haja ya pazia, mimi ni nani sebuleni? Wazazi wao wana umeme na wagonjwa wao. Mimi nina kiti, kitambaa na "Bado!" Naogopa siku wataniambia Bibi kaa tu, tutatazama wenyewe. Nimesema, na sasa umejua.

Kwa sababu hizo zote naleta maombi yangu, nami nimeyapima kwa uangalifu.

Kwanza nilitaka mpandishe umri kutoka kumi na mitatu hadi kumi na minane. Lakini nimeishi na wasichana wa kumi na minane, na nakuhakikishia kwamba ni wale wale wa kumi na mitatu ila wameshajua dirisha gani halifungi vizuri. Nikapandisha hadi arobaini. Mwanangu amepita arobaini, na habari za vikombe umezisoma. Nikasema basi sitini. Mimi nimeiacha sitini nyuma, na ndiye niliyewaombea wezi dua. Kwa hesabu hiyo hakuna umri duniani unaoweza kuhimili filamu hii, isipokuwa ninyi wajumbe wa Bodi.

Hapo ndipo nikashtuka. Ninyi mmeshaiona! Mmeiona yote, mwanzo mpaka mwisho, bila mtu wa kuwazibia, mmeliona lile busu, kisha mkauchukua mhuri kwa mikono hiyo hiyo. Ni nani aliyewakagua ninyi? Je, tangu siku ile hakuna kitu kilichopotea ofisini? Hakuna mjumbe aliyeanza kuosha vikombe vya chai bila kutumwa? Naomba kwa unyenyekevu iundwe Bodi ya Kuikagua Bodi, yenye watu wazima ambao hawajaharibika, na niko tayari kuitumikia bila malipo, kwa kuwa sehemu yenyewe ya hatari sijaiona.

Nikikubaliwa ombi hilo, mengine ni madogo. Naomba filamu zote zitengenezwe upya, penye mabusu pawekwe picha ya mlima. Naomba yule mlinzi aombwe radhi. Na naomba, katika bahasha iliyofungwa vizuri, kwa jina langu peke yangu, nielezwe bata mzinga aliingiaje.

Tafadhali nijibiwe kabla ya Jumamosi. Mpaka nijibiwe, ruhusa sijatoa. Wakili amekata rufaa, nikaitupa, akakata tena, nikaitupa tena. Sasa amenyamaza, na kunyamaza kwake sijakuzoea. Nasikia anajifunza hotuba yake bafuni, mlango umefungwa, maji yamefunguliwa ili nisisikie. Ni hotuba nzuri. Kukataa ni rahisi, kukaa nje ya mlango ule ndiko kugumu.

Nisalimie wajumbe wote wa Bodi, makatibu, dereva, na hasa yule anayepiga mhuri, umwambie mkono wake umenyooka. Mwanangu anakusalimu ingawa hajui nimeandika nini. Mkwe wangu yuko zamu, nakusalimu kwa niaba yake. Wajukuu wangekusalimu lakini hatuzungumzi sana wiki hii.

Wako katika ulinzi wa macho ya watoto,

Bibi yake Wakili na Sauti,
Matroni (Mstaafu), funguo zote kamili.

Nyongeza.

Mheshimiwa, barua hii nilimpa mwanangu Jumatatu aipeleke posta. Leo ni Alhamisi, nimeikuta ndani ya mkoba wake, katikati ya bisibisi. Anasema alisahau. Mtoto huyu hakuwahi kujua kudanganya, na uzee hautamsaidia. Lakini kwa kuwa barua ingali mkononi mwangu, naongeza machache, na nakuomba uyasome haya kabla ya yale ya juu. Ikiwezekana uyasome haya peke yake.

Jana jioni Wakili alikuja kwenye kiti changu. Hakukata rufaa. Alinishika mkono akasema, "Bibi, leo kaa na Sauti kwenye sofa. Leo kitambaa nashika mimi."

Nilitaka kukataa, lakini magoti yalikubali kabla yangu. Wakaniweka katikati ya sofa, mahali ambapo sijawahi kukaa tangu linunuliwe, Sauti pembeni yangu na bakuli la karanga. Filamu ikaenda. Tajiri akaketi juu ya sanduku. Likaingia lile gauni lisilo na mgongo. Wakili akainuka, akachukua kitambaa cha meza kwa pembe zake mbili, akatandaza mbele ya televisheni, akanigeukia mimi. Kidevu juu, miguu imeachana kidogo, uso wa kutopokea rushwa. Sikujua kwamba nasimama hivyo. Ni mkao mzuri.

Na hapo, Mheshimiwa Mwenyekiti, nikaona kila kitu.

Kitambaa kimefuliwa miaka yote hiyo mpaka kimefika mahali kuna maua tu, nguo yenyewe haipo. Mwanga wa televisheni ulikuwa unapita kama unavyopita dirishani. Nililiona busu. Ni fupi, ni busu ambalo halistahili hata bahasha. Niliona vidole vya yule dada vikizichukua funguo huku mlinzi amefumba macho. Nilimwona yule mzee, ambaye vidole vyake bado vinaweza, akitoka chini ya jukwaa, akifungua sanduku kwa nyuma, tajiri akiwa amekaa juu yake anacheka. Bata mzinga aliingia kwa chini, kwa hiari yake. Na taji, Mheshimiwa, walimvika mlinzi mwenyewe. Walimvika, wakamfunika kofia yake juu, naye akatoka nalo nje mbio kuita polisi, limo kichwani, hajui. Ndiyo maana wote walicheka. Ndiyo maana Sauti alicheka kabla sijashusha.

Nikageuka kumtazama Sauti. Alikuwa hatazami filamu. Alikuwa anautazama uso wangu.

Basi nikaelewa mambo yote kwa mara moja, na mtu wa umri wangu hapaswi kueleweshwa mambo yote kwa mara moja. Sijui kitambaa kilianza lini kuwa hivyo. Ni zamani. Wameona kila busu. Wameona kila mlango uliofungwa polepole, wakauona na upande wa pili, kwa miaka, pamoja na maua yangu ya kudarizi pembeni. Na hawakuharibika. Wakili bado anawaamkia wakubwa vizuri kuliko vijana wa nyumba nyingi, na Sauti bado anafunika uso akimwona binti wa jirani. Nao kila nilipoinuka, walipiga kelele, "Toa kitambaa!" Walikuwa na haja gani ya kupiga kelele? Walikuwa wanaona! Walikuwa wanapiga kelele kwa ajili yangu.

Wakili hakuniambia neno. Angeweza, ana maneno ya kutosha. Alinikalisha tu pale wanapokaa wao.

Machozi yalinitoka nikasingizia vitunguu, na sebuleni hatujawahi kuweka vitunguu. Kisha nikafanya lile lililonijia. Nikapiga kelele, "Wewe, toa kitambaa!"

Wakili akakaza kidevu. "Bado!" Kwa sauti yangu kabisa.

"Toa!" nikasema, na Sauti akasema nami, sauti yake nene na nyembamba kwa pamoja.

"Bado!"

Sijawahi kufurahia filamu kiasi kile.

Kwa hiyo malalamiko namba moja, mbili, tatu, tano, sita na saba nayaondoa. La nne nilishaliondoa mwenyewe. Miaka kumi na mitatu inatosha, acheni mhuri ulivyo. Picha ya mlima haihitajiki. Kuhusu Bodi ya Kuikagua Bodi, sina tena sifa za kuitumikia, kwa maana nami sasa nimeona. Mlinzi msimwombe radhi, alikuwa na taji kichwani muda wote. Ruhusa nimeitoa asubuhi hii. Wakili atafungua mjadala Jumamosi, nami nimealikwa, nitakaa safu ya mbele kwa sababu ya magoti.

Nabakiwa na ombi moja tu, na hili nakuomba kama mtu na mtu, si kama raia na Bodi. Ikitokea siku ukakutana na wajukuu wangu, usiwaambie kwamba niliona. Wao nimewaambia kwamba kitambaa kiliziba vizuri, na kwamba habari za bata mzinga hazijanifikia mpaka leo.

Kitambaa chenyewe nimekifua tena asubuhi, kwa maji ya moto, nikakisugua zaidi ya kilivyohitaji.